Chombo Kwenye Karatasi: Tafakari Juu ya Michoro ya Vyombo na Uvuvi wa Lamu

Mchoro wa chombo cha baharini humdai mchoraji wake mambo mawili kwa pamoja, yaani jicho la kuona umbo na akili ya kufahamu kazi ya umbo hilo. Anayechora mnara au mti anaweza kuridhika na sura ya nje, lakini anayechora jahazi likiwa safarini anachora kitu ambacho kila kamba yake imekazwa au imelegezwa kwa sababu maalumu, na mstari mmoja uliokosewa humjulisha baharia kwamba chombo hicho kisingeweza kwenda. Kwa hiyo michoro ya vyombo vya funguvisiwa la Lamu, kundi la visiwa vya Lamu, Manda, Pate na visiwa vidogo vinavyofuatana hadi Kiwayu katika upande wa kaskazini wa pwani ya Kenya, inastahili kusomwa kwa uangalifu ule ule unaopewa hati za kale na tenzi. Sehemu kubwa ya michoro hiyo iliyo kwenye karatasi na turubai ilifanywa na wasafiri, watu waliofika na msimu na kuondoka na msimu. Hoja ya tafakari hii ni kwamba kalamu ya msafiri imehifadhi maumbo ambayo yangepotea, lakini mchoro wake haukamiliki mpaka usomwe na watu wa kazi yenyewe, yaani mafundi, manahodha na wavuvi.

Kabla ya msafiri mwenye karatasi, walikuwako wachoraji wa ukutani. Katika magofu ya miji ya Waswahili, kuanzia Takwa katika kisiwa cha Manda hadi Gedi, Kilwa na Songo Mnara, zipo alama za vyombo zilizochanjwa kwa ncha kali katika lipu, ile tabaka laini ya chokaa inayofunika kuta za mawe ya matumbawe. Takwa ulikuwa mji hai kati ya karne ya 15 na ya 17, na msikiti wake ungali umesimama karibu na kijito cha maji ya bahari kinachoingia ndani ya kisiwa. Peter na Margaret Garlake walizichunguza alama za namna hii katika makala iliyochapishwa mwaka 1964 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, wakaonyesha kwamba vyombo hivyo vinaweza kutambuliwa kwa aina zake kutokana na umbo la omo na tezi, yaani sehemu ya mbele na ya nyuma ya chombo, na kutokana na mpangilio wa mlingoti na kamba zake. Wachanjaji hao hawakujali kivuli wala umbali. Chombo kinaonekana kwa ubavu, bila mawimbi na bila pwani, na mkono uliokichora ulishughulikia zaidi yale ambayo baharia huyaangalia kwanza anapokutana na chombo kigeni baharini.

Mfano wa upande wa pili uko Mombasa, ndani ya Ngome ya Yesu, ambako askari wa Kireno wa karne ya 17 walichora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu meli za kwao pamoja na makanisa na viumbe. Michoro hiyo, iliyofukuliwa wakati wa uchunguzi wa kiakiolojia wa James Kirkman, inawakumbusha wasomaji kwamba mgeni aliyekaa mbali na kwao huchora kwanza kile kilichomleta na ambacho anatumaini kitamrudisha. Kuta za pwani zimebeba mikono yote miwili, ya mwenyeji na ya mgeni, na katika zote mbili chombo ndicho kilichopewa nafasi ya kwanza.

Jambo la kushangaza ni kwamba watu waliounda vyombo hivyo hawakuhitaji mchoro. Katika kijiji cha Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, kinachojulikana tangu zamani kwa uundaji wa majahazi na mashua, fundi huunda bila ramani ya karatasi. Vipimo vyake ni shubiri, dhiraa na pima, vyote vikitoka katika mkono na mwili wa mwanadamu. Zana zake ni tezo ya kuchongea, keekee ya kutobolea, msumeno na nyundo. Na umbo zima la chombo limo kichwani mwake kabla mkuku, yaani ule uti wa chini unaobeba chombo chote, haujalazwa mchangani. Mataruma, ambayo ni mbavu za ndani, hayakunjwi kwa moto wala kwa mashine, kwa kuwa fundi hutafuta tawi lililokwisha kupinda lenyewe kwa kiasi anachokitaka, na ujuzi wa kuliona taruma ndani ya mti uliosimama msituni ni sehemu ya ufundi kama ulivyo ujuzi wa kulichonga. Mbao zikishaunganishwa, nyufa huzibwa kwa pamba iliyotiwa mafuta, kazi inayoitwa kalafati, na sehemu ya chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa unaozuia viumbe wanaotoboa mbao. Elimu hii hupita kutoka mkono wa mkubwa hadi mkono wa mdogo, na nguvu yake ndiyo udhaifu wake pia, kwa sababu aina ya chombo ikiachwa kuundwa kwa muda wa vizazi viwili, hakuna daftari la kurejea.

Hayo ndiyo yaliyoupata mtepe. Mtepe ulikuwa chombo kikubwa cha mizigo cha Waswahili na Wabajuni wa visiwa hivi, chenye mbao zilizoshonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi bila msumari wa chuma, na chenye tanga moja la mraba lililofumwa kwa majani ya mkindu kama mkeka. Omo yake ilirefuka mbele mfano wa shingo ya ngamia, na wazee waliisimulia kuwa kumbukumbu ya ngamia wa Mtume. Macho yalichorwa pande zote mbili za omo, na vipeperushi vikapepea juu ya mlingoti. Chombo kilichoshonwa hukubali kupindika kidogo kinapogonga mchanga au mwamba, sifa yenye thamani katika maji yenye mafungu na matumbawe, ingawa kililazimika kushonwa upya kila baada ya muda na kukumbwa maji bila kukoma. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mitepe ilitoweka, ikishindwa na majahazi ya misumari yaliyokuwa na tanga la pembe tatu na yaliyohitaji matunzo machache zaidi.

Mwaka 1941 James Hornell, mtaalamu wa uvuvi aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza vyombo vya Bahari ya Hindi, alichapisha katika jarida la The Mariner's Mirror makala juu ya mtepe na dau la funguvisiwa la Lamu. Kwa wakati huo mtepe ulikuwa umekwisha kuwa jambo la kukumbukwa. Maandishi na michoro ya watu wa aina yake, pamoja na picha za kamera na vielelezo vidogo vya mbao vilivyotunzwa katika majumba ya makumbusho, ndivyo vilivyobaki kuwa njia ya kurejea, na mtepe ulipoundwa upya mwaka 2003 kwa ajili ya maonyesho ya jumba la makumbusho la Beit al-Ajaib mjini Zanzibar, ushahidi wa namna hiyo ndio uliotegemewa. Hapo pana deni la kweli ambalo watu wa pwani wanapaswa kulikiri kwa moyo mweupe: mgeni aliyeketi na kupima tundu za mshono aliwafanyia wajukuu wa mafundi kazi ambayo mafundi wenyewe hawakuona sababu ya kuifanya. Lakini mchoro wa mshono unaonyesha mahali tundu lilipo, wala hauonyeshi kamba iloweshwe kwa muda gani, mkono uvute kwa nguvu kiasi gani, wala fundi ajuaje kwamba ubao umekaa. Mambo hayo hupatikana kwa mtu aliyezoea mbao, na bila mtu huyo mchoro ulio sahihi kabisa hubaki kuwa umbo lisiloelea. Mnamo Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib iliporomoka, tukio linaloonyesha kwamba hata jengo lililowekwa kutunza kumbukumbu linahitaji kutunzwa.

Si kila msafiri aliyechora alikuja kwa ajili ya vyombo. Katika karne ya 19 mchoraji alikuwa sehemu ya vifaa vya msafara, akihesabiwa pamoja na mpima ardhi na daktari. Nahodha Mfaransa Charles Guillain, aliyezunguka pwani ya Afrika Mashariki kati ya mwaka 1846 na 1848 kwa meli ya Ducouëdic, alichapisha baadaye mjini Paris kitabu chake kikubwa kikifuatana na albamu ya picha za miji na watu wa pwani. Sura zilizomo zina thamani kubwa kwa mwanahistoria, lakini zilitokana na safari iliyotumwa kuchunguza biashara na bandari kwa manufaa ya taifa lingine, na jicho lililozichora lilifuata mahitaji ya safari hiyo.

Kisa kizito zaidi ni cha Eduard Trenn, mchoraji wa msafara wa Mjerumani Karl Klaus von der Decken. Mwaka 1865 msafara huo ulielekea mto Juba, kaskazini ya Lamu, ukiwa na meli ya mvuke iliyoitwa Welf, kwa nia ya kupanda mto hadi bara. Welf ilikwama na kuharibika juu kidogo ya mji wa Bardera, kambi ikashambuliwa, na Trenn akawa miongoni mwa waliouawa. Von der Decken mwenyewe aliuawa Bardera muda mfupi baadaye. Kumbukumbu za safari zake zilichapishwa kwa majuzuu kuanzia mwaka 1869. Kwa macho ya msafara huo mto ulikuwa lango, na maswali yaliyouhusu yalikuwa ya kina cha maji, miamba na umbali. Mvuvi aliyekuwa ukingoni na mtumbwi wake alitazama mto ule ule kwa maswali mengine kabisa: wapi kambare hujificha maji yanapopungua, mamba yuko upande gani, na lini mafuriko yataleta samaki mashambani. Michoro ya safari za namna hiyo huonyesha mtumbwi kama alama ya mandhari, kwa sababu haikuwapo nafasi ya kumuuliza mwenye mtumbwi. Msomaji wa leo hana haja ya kuitupa. Anapaswa kuisoma akiwa anajua kwa ajili ya nani ilichorwa.

Njia nyingine ilionyeshwa karne moja baadaye. Mwaka 1965 Mholanzi A.H.J. Prins, mwanaanthropolojia, alitoa kitabu chake Sailing from Lamu, uchunguzi wa utamaduni wa bahari katika mji huo na visiwa vyake. Ubora wake ni kwamba chombo hakitenganishwi na watu wake: nahodha, mabaharia, fundi, mwenye mali, na desturi zinazowafunga pamoja zote zimo katika uchunguzi mmoja. Foromali, yaani boriti ndefu inayobeba tanga. Jarari, kamba ya kupandishia foromali hiyo. Demani, kamba ya kuvutia tanga. Dasturi, mti uliotokeza mbele ya omo. Kila kimoja kina jina, na kila jina lina mtu ambaye kazi yake ni kukishika. Mchoro unaoandikwa majina kwa namna hii hugeuka kuwa mazungumzo, kwa sababu jina haliwezi kupatikana kwa kutazama tu. Lazima pawe na mtu wa kulisema na mtu wa kulisikiliza. Hicho ndicho kipimo bora cha kuutambua mchoro uliofanywa kwa heshima, kwamba ndani yake inaonekana alama ya swali lililoulizwa.

Maisha ya uvuvi ni magumu kuchora kuliko chombo, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni wakati. Mvuvi wa Lamu huishi kwa kalenda mbili, ya pepo na ya maji. Pepo za kaskazi, zinazovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, humruhusu kutoka nje ya matumbawe, na pepo za kusi za katikati ya mwaka humrudisha katika mikanda, yaani njia za maji zilizohifadhiwa kati ya visiwa na bara. Bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mchanga, huleta samaki na kuwaondoa kwa kasi. Maji mafu, yanayokuja mwezi ukiwa nusu, huwa na mwendo mdogo. Uzio wa miti uliopangwa katika maji ya kina kifupi hauonekani kuwa na maana wakati maji yamejaa, na maana yake hudhihirika saa kadhaa baadaye maji yakitoka na samaki wakabaki ndani. Dema, mtego uliosukwa, hufanya kazi chini ambako hakuna anayeuona. Wabajuni waliwahi kuvua kasa kwa kumtumia taza, samaki mwenye kinyonyeo kichwani, waliyemfunga kamba mkiani na kumwachia ajigandishe kwenye gamba la kasa. Mchoro mmoja hauwezi kubeba mambo haya, kwa kuwa kila moja ni mfuatano wa vitendo, na ndiyo maana mchoraji anayekusudia uvuvi hana budi kukaa, kurudi na kuchora tena mahali pale pale maji yakiwa yamebadilika.

Kadhalika iko kazi ambayo michoro ya wageni imeipita mara nyingi kwa sababu hufanyika mbali na tanga. Wanawake wanaookota pweza na kome maji yakitoka, wanaosuka ukili wa mikeka na vikapu, na wanaokausha na kuuza samaki, wamo katika uchumi wa bahari sawasawa na nahodha. Upande wa kusini, ambako mto Tana unafika baharini kwa matawi yake na mji wa Kipini umekaa kwenye mlango wa mto Osi, Wapokomo wanaolima kando ya mto Tana ni wavuvi pia, na mtumbwi wao wa gogo moja ni chombo kilichofikiriwa kwa makini kama jahazi, kwa kuwa unapita katika maji yenye matope, mizizi na viboko. Jicho linalotafuta tanga jeupe tu halitauona.

Tangu mwaka 2011 kijiji cha Shela, kilicho kusini mashariki ya mji wa Lamu, kimekuwa mwenyeji wa tamasha la wachoraji lililoanzishwa na Mjerumani Herbert Menzer, ambapo wasanii kutoka Ulaya, na baadaye pamoja nao wasanii wa Kenya, huchora nje wakiwa mbele ya vitu wanavyovichora. Desturi hii ya kuchora papo hapo ina faida, kwa maana mchoraji anasimama ufukweni, anaonekana, na mpita njia anaweza kumwambia kwamba kamba ile haifungwi pale. Hata hivyo kishawishi ni kikubwa cha kuchagua tanga na kuiacha mashine ya boti, kuchagua mlingoti na kuliacha boti la faiba, kuchagua machweo na kuyaacha madumu ya mafuta. Lamu, ambao mji wake wa kale uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, haukusimama wakati wowote wa historia yake, na picha inayoufanya usimame huwaondolea wakazi wake haki ya kuishi katika karne yao.

Uzito wa haki hiyo ulionekana mahakamani. Ujenzi wa bandari mpya ya Lamu, sehemu ya mradi wa LAPSSET wa kuunganisha pwani na Sudan Kusini na Ethiopia, ulizinduliwa Machi 2012, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba haki za wakazi zilikiukwa, ikiwemo haki ya utamaduni, na ikaagiza fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Katika mashauri ya namna hiyo mvuvi hutakiwa kuthibitisha kwamba maji fulani yalikuwa mahali pake pa kazi, na bahari haina mpaka unaoonekana wala hatimiliki iliyoandikwa juu yake. Mchoro wenye tarehe, wenye jina la mahali, wenye kuonyesha nani alivua wapi na kwa mtego gani, una thamani kuliko pambo la sebuleni. Ni ushahidi kwamba watu walikuwapo na kwamba kazi yao ilikuwa na utaratibu.

Mabadiliko ya maisha ya bahari yalianza kabla ya bandari hiyo. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na kwa muda mrefu majahazi yalibeba boriti za mikoko kwenda Arabuni na Ghuba. Marufuku ya kuzisafirisha nje, iliyotolewa mwaka 1982, iliyanyima majahazi makubwa mzigo wao mkuu. Ufundi haukufa kwa hayo. Ali Skanda, fundi wa Lamu, aliongoza uundaji wa FlipFlopi, chombo cha tanga kilichotengenezwa kwa plastiki iliyokusanywa na kuyeyushwa upya, ambacho mwaka 2019 kilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Aliyejifunza umbo la dau kwa macho na mikono aliweza kulihamishia katika kitu ambacho babu zake hawakukijua, na hilo linathibitisha kwamba elimu hii ni fikra inayoendelea, inayostahili kuandikwa na kuchorwa ingali hai.

Kwa hiyo hukumu inayofaa kutolewa juu ya mchoraji msafiri ni ya shukrani yenye masharti. Amestahili shukrani kwa kuwa bila yeye mtepe ungebaki neno katika masimulizi. Masharti ni kwamba asimame muda wa kutosha kuuliza, aandike majina kwa lugha ya watu wa kazi, aonyeshe mashine pamoja na tanga na mchota kome pamoja na nahodha, na aache nakala ya kazi yake Lamu kabla ya kuondoka. Jumba la Makumbusho la Lamu, lililo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, lina nafasi ya kukusanya nakala za michoro ya zamani iliyotawanyika Ulaya na kuiweka mbele ya mafundi wa Matondoni na wavuvi wa Faza na Kizingitini katika kisiwa cha Pate ili waisahihishe na kuijaliza. Walimu wa shule za visiwani nao wana kazi ambayo haihitaji fedha nyingi: kumpa kila mwanafunzi karatasi na penseli, kumpeleka ufukweni, na kumtaka achore chombo kimoja pamoja na jina la kila sehemu yake alilolipata kwa mzee wa kijiji chake. Wazee wanaoyajua majina hayo wangalipo, na kazi hiyo inapaswa kuanza mwaka huu.